Chewa wa Mlango wa Nyuma

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa choo cha gati, na aliyelibandika hakukosea mahali. Ndio mlango pekee ambao kila mvuvi, awe amepata au amekosa, siku haipiti bila kuufikia. Karatasi ilikuwa na mhuri wa bluu na maneno machache makavu kama dagaa wa juzi: ghuba inafungwa kwa miaka miwili kuanzia mwisho wa mwezi, kwa kuwa upimaji wa mwaka mzima umeonyesha kwamba chewa wakubwa wamekwisha na waliobaki ni watoto.

Mama Kisu alilisoma mara ya kwanza akiwa na ndoo ya maji mkononi. Alipolisoma mara ya pili ndoo ilikuwa chini na maji yanamlowesha miguu, wala hakujua. Upimaji uliotajwa pale ulikuwa wake.

Ofisi ya uvuvi ilimchukua kama kibarua, ikampa meza ya saruji pale gatini, ubao wenye alama za sentimita na kisu chembamba. Kila chewa aliyeshushwa alilazwa juu ya ubao, kichwa kushoto, mkia kulia. Mama Kisu aliandika urefu, kisha akampasua kichwa na kumchomoa vijiwe viwili vyeupe vinavyokaa karibu na ubongo. Kijiwe kikikatwa na kutazamwa kwa darubini huonyesha miviringo kama ya shina la mti, kila mviringo mwaka mmoja. Kwa vijiwe hivyo wataalamu hujua kama baharini kuna wazee, watu wazima na vijana, au kumebaki chekechea tupu. Ndivyo mwanamke huyu alivyopata jina la Mama Kisu. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kadi ya kliniki tu.

"Mama Kisu," mvuvi mmoja alimwambia akitoka chooni, mkono bado kwenye mkanda, "wengine huua kwa bunduki. Wewe umetuua kwa rula."

Wenzake wakacheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole mbele za watu. Mvuvi huyo aliitwa Kasuku, kwa sababu maneno yalikuwa hayamkai mdomoni.

Mama Kisu alimtazama, kisha akatazama kiwanda cha barafu nyuma yake. Kasuku naye akatazama pembeni. Maana hapakuwa na mtu gatini asiyejua chewa wakubwa walikuwa wapi. Nyuma ya kile kiwanda kulikuwa na mlango mdogo wa bati, na nje ya mlango huo, karibu mwaka mzima, mchuuzi aliyeitwa Miwani alikuwa akiegesha toroli lake.

Mwanzo haikuwa hivyo. Miezi ya kwanza watu walileta wote, wakubwa kwa wadogo, kwa moyo mweupe. Ofisi ilikuwa imeahidi fidia kwa kila samaki atakayepasuliwa, kwa sababu Miwani alisema wazi tangu siku ya kwanza: chewa aliyefunguliwa kichwa ni kama embe lililong'atwa, nusu bei, na hapo ananunua kwa huruma. "Wateja wangu wa hotelini," alisema, "wanataka samaki anayewatazama." Basi wavuvi wakakubali nusu bei, wakangoja fidia. Wakangoja. Fidia ikawa kama harusi ya mtu mwongo, kila ukiuliza tarehe imesogea. Wadogo, ambao Miwani hakuwataka kwa bei yoyote, waliendelea kupita mezani kwa Mama Kisu. Wakubwa wakajifunza kupita mlango wa nyuma.

Na mtu wa kwanza kuuonyesha ule mlango alikuwa Nanga, mume wa Mama Kisu.

*

"Umeliona tangazo?" Mama Kisu alimuuliza mumewe, hata kabla hajaweka ndoo.

"Nimeliona. Liko chooni, mahali pake."

"Baba, ghuba inafungwa."

"Inafungwa kwa hesabu zako."

"Zangu?" Alicheka, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka. "Ulitaka nimpime nani, kivuli? Nani aliyewaambia wenzake, 'Jamani, kuna kamlango pale'?"

"Niliwaonyesha mlango. Sikumsukuma mtu."

Mama mkwe alikuwa kibarazani akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Watu wamepeleka hospitali mkojo wa jirani," aliuambia mchele, "leo wanamlaumu daktari kwa kuwaandikia mimba."

"Mama, tafadhali," Nanga alisema.

"Nimemtaja mtu?"

Nanga akaketi kwenye kizingiti. Aliitwa Nanga kwa kuwa akishaketi mahali, hata zimwi halimng'oi. Juu ya kichwa chake palikuwa na mabati mapya, yaliyoezekwa mwaka huohuo, na Mama Kisu alijua kila bati lilitoka kwa chewa gani. Hapo ndipo hasira yake ilipokuwa na mwiba uliomchoma mwenyewe. Siku za mvua alilala akisikia maji yanavyopiga juu, hayaingii, akamshukuru Mungu na mlango wa nyuma kwa dua moja.

"Sikiliza," Nanga alisema kwa sauti ya chini. "Kesho kuna mkutano. Usifungue mdomo. Kushusha samaki nje ya gati ni faini, na mtu akitaka kukukomoa ni leseni kabisa. Leseni ikienda, hata ghuba ikifunguliwa itakuwa ya nani?"

"Na ghuba ikifungwa, leseni utaipika?"

"Nimesema usifungue mdomo."

"Nilishaufungua."

Nanga akainua macho.

"Nilimwambia Bwana Grafu, yule mkubwa wa ofisi ya uvuvi," alisema mkewe. "Zamani. Wakati ule fidia ilipochelewa kwa mara ya pili. Sikumtaja mtu. Nilimwambia, wakubwa hawaji mezani, watu wanawapitisha pembeni kwa sababu hamjalipa. Unajua alinijibuje? Alikuwa amekuja na lile gari jipya, anafuta vumbi kwenye kioo kwa leso yake. Akaniambia, 'Mama, wewe andika unachokiona.' Nikamuuliza, na nisichokiona? Akasema, 'Kisichoonekana hakipo. Hiyo ndiyo sayansi.'"

Mama mkwe aliacha kuchambua. "Kwa hiyo Mungu naye ajiandae," alisema.

*

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Wageni kutoka ofisini walipewa viti vya plastiki. Wavuvi, wanaume wazima wenye ndevu na mabega, waliketi kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakiwafika kidevuni, na hivyo ndivyo walivyosomewa hatima yao.

Bwana Grafu hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa na shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikawa na makali, na alizungumza polepole kama anayemlisha mgonjwa uji. Alitundika karatasi kubwa ukutani. Juu yake palikuwa na mstari mwekundu uliopanda kidogo, ukatulia, kisha ukaporomoka kama mtu aliyeteleza ngazini.

"Hawa ni chewa wenu," alisema. "Mnaona walivyoshuka? Samaki mkubwa ndiye mzazi. Mzazi akiisha, ukoo umekwisha. Hatufungi ghuba kwa chuki, ndugu zangu. Tunaifunga kwa ajili yenu."

"Na miaka miwili tutakula nini?" sauti moja ikauliza kutoka madawati ya nyuma.

"Swali zuri. Kuna mafunzo ya kutengeneza sabuni."

"Sabuni tumuoshe nani, bwana? Wote tutakuwa hatuna kitu, uchafu tutaupata wapi?"

Darasa likacheka. Bwana Grafu akacheka nalo, kwa kuwa alifundishwa kwamba watu wakicheka wameelewa. Alikuwa anaanza kukunja karatasi yake Mama Kisu aliposimama. Nanga alimshika pindo la nguo. Pindo likachomoka mkononi mwake.

"Bwana, hao wakubwa wapo," Mama Kisu alisema. "Wangapi, sijui. Pengine wachache. Lakini mstari wako unasema hawapo kabisa, na huo ni uongo. Mimi ndiye niliyeuandika."

Bwana Grafu akakunjua karatasi tena, taratibu. "Uliandika uongo, mama?"

"Niliandika waliokuja mezani. Wakubwa walipita kwingine kwa sababu hamkulipa fidia mliyoahidi. Nilikuambia kwa mdomo wangu huu, ukaniambia niandike ninachokiona."



"Haya," Bwana Grafu alisema, na uso wake haukubadilika hata kidogo, ila sauti ilipoa. "Mimi ni mtu wa ushahidi. Kama kuna waliokuwa wakishusha chewa wakubwa nje ya gati, wasimame. Tuandike majina yao, ripoti nitairekebisha leo hii."

Hakusimama mtu. Kikohozi kilichokuwa kimeanza huko nyuma kilirudi tumboni kwa mwenyewe. Mama Kisu aligeuka, akawatazama mmoja mmoja, watu aliowajua mpaka ukubwa wa nyavu zao, na kila alipofika, macho yaliinama. Alipofika kwa mumewe, Nanga alikuwa akiyachunguza magoti yake kana kwamba ameyaazima na kesho anayarudisha.

"Unaona, mama?" Bwana Grafu alisema kwa upole. "Kisichoonekana hakipo."

Ndipo Kasuku akapasuka. Labda alitaka kujiokoa, labda ulimi wake ulichoka tu kukaa. "Huyu anatusingizia! Nani anajua kama hata alikuwa anapima? Kutwa kupiga soga tu pale mezani. Sasa mambo yameharibika anatafuta wa kumbebesha!"

Wengine wakacheka. Si wengi, lakini kicheko hakihitaji watu wengi. Mama Kisu alibaki amesimama hadi kikaisha. Kisha alitoka bila kumtazama mtu, akipita katikati ya madawati, na Nanga akasogeza magoti kumpa njia kama mtu asiyemjua.

*

Nyumbani hakupiga kelele. Nanga aliisubiri kelele kama mtu anayesubiri jino kung'olewa, na haikuja, na hilo lilimsumbua kuliko jino lenyewe.

Mchana wa siku ya pili alirudi na njaa, akakuta chakula kimetengwa. Katikati ya mkeka, badala ya sinia, palikuwa na ubao wa kupimia. Juu ya ubao, kichwa kushoto, mkia kulia, kililala kichewa kimoja cha kukaanga, kidogo kama kiganja cha mtoto.

"Hii ni nini?"

"Sentimita kumi na nne," Mama Kisu alisema. "Ndiye aliyepita mezani kwangu leo. Karibu ule."

"Mke wangu, acha mzaha."

"Mimi naandika ninachokiona, Baba. Na sasa nimeanza kupika ninachokiona."

Mama mkwe alijimegea mkia. "Mtamu," alisema. "Tatizo lake unaisha kabla hujaamini kwamba umeanza."

Ikawa hivyo kila siku. Kilichopita gatini ndicho kilichopita jikoni. Nanga akinuna, ubao. Akibembeleza, ubao. Akaona labda dawa ni kumlainisha kwa mali. Asubuhi moja alirudi kutoka baharini, akakwepa gati, akakwepa hata toroli la Miwani, akaja mpaka nyumbani na chewa mmoja ambaye hata mimi nikimweleza ukubwa wake mtasema nimezidisha, kwa hiyo nipunguze: mkia wake uliburuzika nyuma ya mvuvi kama kanzu ya bwana harusi mfupi. Alimtua mlangoni kwa kishindo.

"Haya!" alisema, jasho likimtoka. "Nyumba yangu haitakula vichekesho leo. Mpike huyu."

Mama Kisu alitoka na beseni la nguo. Alifika mlangoni, akainua mguu, akamruka chewa kama mtu anavyoruka dimbwi, akaenda kuanika.

"Humwoni?"

"Nani?"

"Huyu samaki!"

"Sioni kitu. Amepita wapi?"

Nanga akamgeukia mama yake, akitafuta shahidi. Bibi kizee alikuwa amekuja na fimbo yake. Akampapasa chewa kwa ncha ya fimbo, kichwani, tumboni, mkiani, kisha akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mwanangu, unaongea na nani? Hapa pana hewa tu. Labda jua la baharini limekuingia."

Jirani akachungulia ukutani. "Jamani, samaki gani huyo!"

"Hakuna samaki," mama mkwe alimjibu. "Rudi ndani, mama, usije ukaambukizwa."

Nanga akaketi kwenye kizingiti, ubavuni mwa chewa. Inzi walianza kuja. Jicho la samaki lilikuwa wazi, linamtazama, kama wateja wa hotelini wanavyotaka. Mama Kisu alirudi na beseni tupu, akainua tena mguu amruke, na safari hii Nanga aliona kitu usoni mwake ambacho hakukiona mkutanini kwa sababu hakuwa akitazama. Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka. Siyo kwa kilio. Ni hasira iliyokosa mahali pa kukaa.

"Walikucheka," Nanga alisema.

"Ulikuwepo?"

Neno hilo lilimng'oa. Alisimama, akainama, akamtupa chewa begani, damu na ute vikamtiririkia mgongoni.

"Chukua ubao wako," alisema. "Bwana Grafu yuko gatini leo, amekuja kukusanya vifaa vyake."

Walipita mtaani hivyo: Nanga mbele na samaki wake, Mama Kisu nyuma na ubao kwapani na kisu mkononi, na mwisho kabisa mama mkwe na kigoda cha jikoni. Alipoulizwa kigoda cha nini, alisema, "Kwa umri wangu, jambo zuri nalitazama nimeketi."

*

Bwana Grafu alikuwa akipakia mizani kwenye gari lake. Nanga alimtua chewa kwenye meza ya saruji, meza ikalia. Gati lote likageuka.

"Mpime," Nanga alisema.

"Ndugu, kipindi cha kukusanya takwimu kimefungwa."

"Samaki huyu hakusoma tangazo."

Mama Kisu hakungoja ruhusa ya mtu. Aliweka ubao, na ubao haukutosha, akausogeza akaendeleza kuanzia alama ya mwisho. Akataja urefu kwa sauti ya kusikika mpaka chooni. Kisha kisu kikaingia, kichwa kikafunguka, na Miwani, aliyekuwa amekuja mbio na toroli lake, akafumba macho kama mtu anayeshuhudia noti ikichomwa moto.

"Nusu bei hiyo sasa, Nanga! Nusu!"

"Kaa nayo."

Mama Kisu alinyoosha kiganja mbele ya Bwana Grafu. Ndani yake, kwenye damu, kulikuwa na vijiwe viwili vyeupe.

Bwana Grafu alivitazama kama mtu anayepewa mtoto asiyemtambua. "Nikivipokea hivi," alisema, "nitalazimika kusimamisha tangazo. Hesabu yote irudiwe."

"Irudiwe."

"Na ikirudiwa ikaonyesha kwamba kweli wamekwisha?"

Hilo ndilo swali lililokuwa likimla Mama Kisu tangu siku ya tangazo. Zamani chewa wa ukubwa huu hakumtoa mtu ndani. Leo watu walikuwa wameacha nyavu kuja kumtazama.

"Basi itafungwa," alisema. "Na tangazo nitalibandika mimi kwa mkono wangu. Lakini tufungiwe kwa samaki wetu, siyo kwa samaki mliotubunia. Leo hii wewe hujui mle ghubani kuna nini. Mimi sijui. Na hawa wanaojifanya wanajua, hawajui. Mwaka mzima tumepita tukidanganyana, sisi kwa mlango wa nyuma, ninyi kwa ahadi. Sisi tumepata bati. Wewe umepata gari. Bahari imepata nini?"

Bwana Grafu alilitupia gari jicho, bila kutaka. Kisha akajikusanya, akamgeukia Nanga, na makali ya shati yakarudi kwenye sauti. "Na chewa wa namna hii mwaka mzima walikuwa wakishushiwa wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha barafu. Mimi ndiye niliyeanza. Andika."

"Unaijua faini yake?"

"Naijua. Ikate kwenye fidia ya chewa wangu mliowapasua mwanzoni, halafu nipe chenji yangu."

Gati likalipuka kwa kicheko, na safari hii hakikuwa cha aibu. Mama mkwe alipiga fimbo chini mara kwa mara, machozi yakimtoka. "Chenji!" alirudia. "Mpeni mwanangu chenji yake!"

Bwana Grafu alisubiri kicheko kinyamaze. Hakikunyamaza. Alifungua mlango wa gari, akaufunga, akarudi mezani, na kwa kuwa hakuwa na bahasha, alinyoosha mkono mtupu. Mama Kisu akamimina vijiwe kwenye kiganja chake, pamoja na damu yake yote. Damu ikaingia mpaka kwenye mkono wa shati.

Mlango mdogo wa bati ulilia kule nyuma ya kiwanda. Mtu alitoka, kiroba begani, akitembea upande kama kaa. Alikuwa Kasuku. Nyuma yake akatoka mwingine, na mwingine, kila mmoja na mzigo wake uliofunikwa, bila kutazamana, kama watu waliofumaniwa sehemu moja.

Kasuku alifika mezani, akafungua kiroba. Chewa wake hakuwa kama yule wa Nanga, lakini hakuwa chekechea.

"Mama Kisu," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yalimkwama, "juzi pale darasani mimi..."

Mama Kisu alifuta kisu kwenye kitambaa, upande mmoja, kisha wa pili.

"Kichwa kushoto," alisema.

"Nilitaka tu kusema..."

"Nimesema kichwa kushoto. Kuna watu nyuma yako."